Sauti ya Kwanza ya Neno ni Kazi ya Fundi



Wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina shauri gani na watoto wa chekechea? Watasema kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi, likizo, na buti za watu wanaofanya kazi msituni. Mambo ya a-e-i-o-u yaachwe kwa akina mama na walimu. Sisi twawajibu hivi. Karatasi hii umeishika mkononi. Kama unaisoma mwenyewe, basi iko siku mtu alikaa na wewe akakuonyesha kwamba alama hii ni sauti hii. Kama unasomewa na mwenzako, basi siku hiyo haikukufikia, na tangu hapo umekuwa ukiilipia kila unapotia kidole gumba kwenye karatasi usiyojua imeandikwa nini. Kwa hiyo shauri hili ni letu kabisa.

Tunalotaka kusema ni moja. Kumfundisha mtoto mdogo asikie sauti inayoanza neno, na aijue herufi ya sauti hiyo, ni kazi ya ufundi. Si kulea tu, wala si kuimbisha tu. Na kama ni ufundi, yafaa ifanywe kama ufundi, na yule anayeifanya alipwe kama fundi. Mambo haya mawili hayatengani. Mtu akidai moja na kuliacha la pili, atakosa yote mawili.

JINA LA HERUFI SI SAUTI YAKE

Pita karibu na chekechea asubuhi, utasikia watoto wakiimba herufi zote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nguvu mpaka mabati yanalia. Mzazi anayepita hufurahi, akasema, "Ada yangu haipotei." Lakini ngoja kidogo. Ingia ndani, funika ile chati kwa mkono, uonyeshe herufi moja tu ya katikati. Wengi watanyamaza, au wataanza tena wimbo kutoka mwanzo mpaka waifikie. Halafu uliza: neno "sufuria" laanza na sauti gani? Watakutazama tu. Watoto hawa wamejua wimbo, hawajajua kusoma. Ni kama mtu anayeweza kutaja majina ya vyuma vyote vya mashine ya kupasua mbao, lakini ukimpa gogo hawezi kutoa hata ubao mmoja.

Herufi ina jina, na herufi ina kazi. Jina lake ni "bii" au "be", kwa kadiri ulivyofundishwa. Kazi yake ni ile sauti ya midomo inayofungwa kisha ikaachana. Mtoto anayejua majina tu, ukimwandikia "bata", atasema "bii-ei-tii-ei", na hapo bata hatatokea hata akirudia mpaka jua lichwe. Lakini mtoto anayejua kazi ya herufi ataunganisha sauti na sauti, na ghafula neno litamtoka mdomoni, neno alilolijua tangu zamani. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Tena ziko zile chati za dukani zenye picha za Kiingereza. Mtoto wa Timboroa aonyeshwa picha ya twiga juu ya herufi G. Yeye asema "twiga", kwa sababu ndivyo anavyomwita. Aambiwa hapana, ni "giraffe", na neno hilo lenyewe halianzi na sauti ya g ila na sauti ya j. Aonyeshwa kisu juu ya herufi K, kwa kuwa Waingereza huandika "knife". Lakini wao wenyewe husema neno hilo kwa kuanza na n. Je, mtoto wa miaka mitano atajifunza nini hapa? Atajifunza kwamba herufi hazina maana, na kwamba shule ni mahali pa kubahatisha. Si kosa lake.

SIKIO KWANZA

Wengi hudhani kusoma ni kazi ya macho. Kumbe mwanzo wake ni kazi ya masikio. Mtoto mdogo husema maneno mengi kila siku, lakini hajawahi kuyasikiliza. Fikira zake ziko kwenye kitu, hazipo kwenye neno. Mwulize "ng'ombe" yaanza na nini, aweza kukujibu "kichwa". Mwulize neno gani ni refu, "reli" au "kiroboto", aweza kusema "reli", kwa sababu reli yaenda mpaka Uganda na kiroboto ni kidogo sana. Tukicheka, tucheke kwa upendo, maana mtoto huyo ametumia akili. Ila hajaonyeshwa bado kwamba neno lina sauti zake, mbali na kitu chenyewe.

Wala jambo hili si la watoto tu. Mwaka 1979 mtaalamu José Morais na wenzake walitoa habari za uchunguzi walioufanya Ureno. Walichukua watu wazima wasiojua kusoma, na wengine wa hali ile ile ambao walikuwa wamejifunza kusoma ukubwani. Waliwaomba waondoe sauti ya kwanza katika neno, au waongeze sauti mwanzoni. Wale waliojifunza kusoma waliweza vizuri kuliko wale wengine, ambao wengi wao walishindwa. Watu wazima hawa walikuwa na kazi, walikuwa na watoto, na kusema walijua sana. Kilichowatenga ni kufundishwa. Wanachama wetu wanaohudhuria masomo ya ngumbaru wayaweke moyoni maneno hayo: ukishindwa kusikia sauti ya kwanza, hukuzaliwa mjinga. Hukuonyeshwa.

Na kule Oxford, Uingereza, Lynette Bradley na Peter Bryant walieleza mwaka 1983 jinsi walivyowafundisha watoto kupanga maneno kwa sauti zake: haya yaanza sawa, haya yaisha sawa. Watoto waliofundishwa sauti pamoja na herufi za plastiki za kushika mkononi ndio walioendelea zaidi katika kusoma. Angalieni: sikio pamoja na mkono pamoja na jicho.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana tumesema ni ufundi, na ufundi una utaratibu wake.

Kwanza, mwalimu aanze na sauti zinazoweza kuvutwa. M, s, f, l, n, z na v zavutika kama mpira: "mmmmaziwa", "sssssufuria", "fffffimbo". Mtoto ana nafasi ya kuisikia. Lakini b, d, g, k, p na t hazivutiki. Ukizivuta zageuka "ba" au "bii". Hizi zije baadaye, mtoto akiisha kuelewa mchezo. Irabu nazo ni rahisi, maana katika Kiswahili kila irabu ina sauti moja tu: asali, embe, inzi, ofisi, ufagio.

Pili, atumie vitu vya hapa. Timboroa haina uhaba wa maneno. Shoka, lori, reli, debe, panga, jembe, sufuria, kuni, kabeji, gogo, taa, viatu, jiko, chai. Mtoto ameviona, amevishika, vingine amevibeba. Mwalimu aweke vitu vitatu mezani, sufuria, sabuni na taa, aulize kipi si ndugu wa wenzake. Hapo hahitaji kitabu wala chati.

Tatu, atumie majina ya watoto wenyewe. "Asimame yule ambaye jina lake laanza na sauti w." Watasimama Wanjiru na Wekesa na Wambui, wote pamoja, bila kuuliza kabila. Akiita k, nusu ya darasa watasimama kwa ajili ya kina Kip wote, na Kamau atakuwa katikati yao; akiita ch, watasimama kina Chebet na kina Chepkoech. Mtoto hupenda jina lake kuliko neno lolote duniani. Herufi ya kwanza ya jina lake ndiyo mlango wake.

Nne, iwe kazi fupi ya kila siku. Dakika kumi au kumi na tano zatosha kwa mtoto wa umri huo, na iwe kama mchezo, kwa kuruka na kupiga makofi. Watoto wetu tayari wana michezo ya namna hiyo. Wale wa pwani walicheza kinyume, yaani kugeuza silabi za neno, tangu zamani za babu zao. Vijana wa Eldoret wanaosema Sheng hukata maneno na kuyageuza kila siku. Akili ya kuchezea sauti tunayo. Kilichobaki ni kuitia katika kazi ya shule.

Tano, mwalimu amwone kila mtoto peke yake. Wimbo wa watoto arobaini huficha kumi wasiojua. Mtoto mmoja mmoja hawezi kujificha.

KISWAHILI KINA WEMA NA MITEGO

Twasema sauti hizi zifundishwe kwa Kiswahili kwanza. Lugha hii huandikwa kama inavyosemwa, na ndiyo inayosikika Timboroa yote, sokoni, kituoni na kiwandani. Sisi tunakaa kando ya barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, karibu na mpaka wa kaunti za Uasin Gishu na Baringo. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 yapita hapa. Kituo chetu kiko futi 9,001 juu ya bahari, na karibu nacho reli yafika futi 9,136, ndicho kilele cha njia ile ya kwenda Uganda. Watu walikuja kwa ajili ya kazi: reli, msitu, mbao, ngano, viazi, maziwa. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha chekechea hukosi mtoto wa nyumba ya Kikalenjin, wa Kikuyu, wa Kiluhya na wengineo. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Mahali penye mchanganyiko kama hapa, lugha hiyo ni Kiswahili.

Lakini mwalimu asidhani Kiswahili hakina mitego. Mwonyeshe mtoto picha ya kiti kimoja, atasema "kiti", sauti ya k. Mwonyeshe viti viwili, atasema "viti", sauti ya v. Mwalimu asiyejihadhari atamwambia mtoto amekosa, na kumbe mtoto amesema kweli tupu. Basi picha iwe ya kitu kimoja, au mwalimu ajue anataka nini.

Tena herufi m ina tabia tatu. Katika "maziwa" yaanza vizuri na kuvutika. Katika "mtoto" yasimama peke yake kama silabi. Katika "mbuzi" imeshikana na b. Wa kuanza naye ni "maziwa" au "mahindi"; mtoto na mbuzi wangoje. Na n ni hivyo hivyo: "nanasi" ni n ya kweli, lakini "nyundo" na "ng'ombe" ni sauti nyingine kabisa, ingawa zaandikwa kwa kuanza na herufi hiyo hiyo. Na "chai" na "shoka" zina herufi mbili kwa sauti moja. Haya yote mtoto ataweza, ila kwa zamu yake. Fundi hampi mwanafunzi wake wa siku ya kwanza ule msumeno mkubwa.

Na zipo lugha za nyumbani. Katika Kikalenjin, p na b hazitengi neno na neno, wala t na d, wala k na g. Katika Kikuyu hakuna l ile ya Kiswahili, na b yake ni laini zaidi. Kwa hiyo mtoto mmoja atasema "pata" akitaka "bata", na mwingine atasema "rori" akitaka "lori". Mtoto huyu asichekwe wala asipigwe. Sikio lake limefanya kazi yake sawasawa katika lugha ya mama yake. Sasa laongezewa kazi ya pili. Mwalimu atumie maneno mawili yanayokaribiana, "pata" na "bata", "kamba" na "gamba", aseme moja, mtoto anyoshe kidole kwenye picha. Akirudia kila siku, sikio litafunguka. Hata sisi wazee tuna kazi hapa: kila uchaguzi wa chama wako wanaotuambia twende "kupiga kula", na tunawaelewa vizuri sana.

YALIYOKWISHA KUJARIBIWA KWETU

Mtu asiseme haya ni ndoto za vitabuni. Kati ya mwaka 2014 na 2018 ulikuwako mpango ulioitwa Tayari, uliofanywa pamoja na serikali katika chekechea za Laikipia, Nairobi, Siaya na kaunti yetu ya Uasin Gishu. Walimu walipewa mafunzo, walipewa vitabu vya kufundishia na watoto vyao, na watu wenye ujuzi waliwatembelea darasani wakiwa kazini. Watoto walipopimwa, wale wa mpango huo walikuwa tayari zaidi kwa shule kuliko wenzao.

Kule pwani ya kusini, sehemu za Kwale na Msambweni, shule 101 ziliingia katika jaribio lililoitwa HALI, lililoanza mwaka 2010. Wataalamu walioketi madarasani huko waliona walimu wakisomesha maneno mazima kwa kukariri, na sauti za herufi hazifundishwi sana. Basi nusu ya shule zile walimu walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, masomo yaliyopangwa, na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao walisoma vizuri zaidi. Na jambo hili litazameni vizuri, ndugu: katika shule zisizosaidiwa, asilimia 5.3 ya watoto waliacha shule. Katika zile zilizosaidiwa, asilimia 2.1. Mtoto anayeweza kusoma hukaa shuleni. Asiyeweza hutafuta njia ya kutoka, na sisi tunaijua njia hiyo inakokwenda. Yaenda kwenye kupakia viazi kwenye lori kwa malipo ya siku.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha Tusome katika shule za msingi nchini kote, na huko sauti za herufi zilifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ni hatua njema. Lakini mtoto asiyesikia sauti yoyote mpaka aingie darasa la kwanza amekwisha kuchelewa nyuma ya mtoto wa tajiri aliyeanza mapema. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kupima watoto wa Kenya mwaka 2009, limeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Hao ni wetu.

WANAOTUPINGA

Wa kwanza asema: "Mimi nataka mtoto wangu Kiingereza, Kiswahili atakipata njiani." Ndugu, Kiingereza nasi tunakitaka, na tunakitaka kikae vizuri. Herufi m, s, t, f, l na b hufanya kazi karibu ile ile katika lugha zote mbili. Mtoto aliyejua kwamba herufi ina kazi amejua mara moja tu maishani, na ujuzi huo huhama naye. Lakini irabu za Kiingereza hutangatanga; herufi a katika "cat" si ile ya "cake", wala si ile ya "car". Kumwanzisha mtoto huko, kwa lugha asiyoijua bado, ni kumfundisha kuogelea mtoni wakati wa mafuriko.

Wa pili asema: "Watoto wadogo wacheze, wasisumbuliwe na masomo." Twakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Hatutaki mtoto wa miaka minne afungwe kwenye dawati ajaze kurasa za madaftari na kupewa mtihani. Tumesema dakika kumi, masikio, vitu na makofi. Huo ni mchezo.

Wa tatu asema: "Sisi tuliimba ba-be-bi-bo-bu na tukajua." Ni kweli, na silabi zaifaa lugha yetu. Hatusemi ziachwe. Lakini wewe uliyejua ndiye unayesema leo. Yule aliyekaa nyuma yako bila kujua hayupo hapa kutoa ushahidi. Mfumo mzuri tutaujua kwa kumtazama yule wa nyuma.

MWALIMU HUYU NI MFANYAKAZI

Sasa tufike kwenye mshahara. Miaka ya 1950 vyumba vya kulelea watoto vilianzishwa katika mashamba makubwa ya Kenya, watoto watazamwe wakati mama zao wako kazini. Baada ya Uhuru wananchi walijenga chekechea kwa Harambee, na mwalimu alilipwa kwa vijisenti vya wazazi. Elimu ya bure ya mwaka 2003 ilihusu shule za msingi, haikugusa chekechea. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi chekechea serikali za kaunti. Mwalimu wa darasa la kwanza yuko chini ya tume ya TSC, lakini mwalimu wa chekechea, ambaye huenda darasa lake liko uwanja ule ule, hayuko.

Basi wako walimu walioajiriwa na kaunti, wengi wakiwa na miaka ya kazi za mkataba nyuma yao. Na wako wale ambao bado hulipwa na wazazi. Hao mshahara wao umefungwa kwenye mshahara wetu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, viwanda vya mbao vilikosa magogo, watu wakarudishwa nyumbani. Mzazi asiye na kazi hakulipa chekechea, na mwalimu naye akalala njaa pamoja nasi. Hakuna aliyemhesabu miongoni mwa waliopoteza kazi.

Twajua jinsi watu wanavyomsema mwalimu huyu, ambaye mara nyingi ni mwanamke: "Kazi yake ni kuwafuta watoto makamasi." Msomaji wetu amekwisha kuona hapo juu kazi yake ni nini. Ni lazima ajue sauti gani itangulie na ipi ingoje. Kwa nini kiti si viti. Kwa nini mtoto huyu asema "pata". Na ni yupi kati ya arobaini anayefungua mdomo tu bila kuimba. Fundi anayenoa msumeno wa mashine hulipwa kwa ujuzi wake, kwa kuwa akikosea mbao zote zapotoka. Na huyu je, anayenoa sikio la mtoto? Mwalimu anayelipwa kidogo, bila barua ya kudumu, huondoka akipata kibarua bora. Na mafunzo yote aliyopewa huondoka naye. Kila Januari watoto huanza na mwalimu mgeni, na mwalimu mgeni huanza na wimbo wa chati.

TUNAYOTAKA

1. Kila mwalimu wa chekechea aliyehitimu apewe barua ya kazi ya kudumu, na mshahara kwa kadiri ya cheti chake, unaolipwa kwa tarehe inayojulikana.

2. Mafunzo ya kufundisha sauti za herufi yatolewe kwa walimu wakiwa kazini, na mtu mwenye ujuzi awatembelee darasani kuwasaidia, asije kuwatisha.

3. Chekechea zetu zianze sauti kwa Kiswahili. Wazazi tuache kumshurutisha mwalimu kuimbisha Kiingereza ili tu tusikie mabati yakilia.

4. Wanachama wa viwanda vya mbao, kwa ruhusa ya mwenye kiwanda, wakusanye vipande vidogo vya mbao, wavipige msasa vizuri visichome mikono ya watoto, na kuandika herufi moja moja juu yake. Kila chekechea ipate seti yake. Jambo hili halihitaji kungoja serikali.

5. Mkutano ujao wa tawi uchague wajumbe wawili wa kulipeleka shauri hili kwa kaunti pamoja na walimu wenyewe. Walimu waalikwe mkutanoni, waseme kwa vinywa vyao, maana wao ni wafanyakazi na mahali pao ni hapa.

Kabla ya mkutano, kila mwenye mtoto wa umri huo afanye kazi moja ndogo. Jioni mkikaa jikoni, mwonyeshe sufuria, umwulize neno hilo laanza na sauti gani. Akijua, mshukuru mwalimu wake. Asipojua, usimkemee, vuta sauti hiyo pamoja naye mpaka acheke, kisha tafuteni vitu vingine vitatu vya nyumbani vinavyoanza hivyo hivyo. Njoo mkutanoni utuambie alijibu nini. Tutaziandika habari hizo zote, na ndizo zitakazokuwa ushahidi wetu mbele ya wakubwa.

UMOJA NI NGUVU.